Aliyepanda Ndiye Aanze

Ijumaa, 7 Novemba

Saa kumi na mbili na nusu, Wadi Kabir, nyuma ya magereji. Kama Ijumaa zote. Gari pale pale, baiskeli mbili chini, upepo wa tairi nimeupunguza kidogo zishike kokoto. Mwanaidi kanywa maji, kafunga mtandio, kaondoka. Hanisubiri kwenye mpando wa kwanza na wala simtaki anisubiri.

Napenda kumtazama akipanda. Hainuki kwenye kiti. Hatikisiki. Miguu tu inazunguka, kama mtu anayesaga mahindi bila haraka. Kwao Tabora, kabla hajaja kufanya kazi nchi hii ya Waarabu, alikuwa akimbebea baba yake asali mpaka mjini, madumu mawili nyuma, baiskeli ya chuma isiyo na gia hata moja. Sasa nimempa ya mwanangu Nasri, aliyeko masomoni. Nyepesi, gia kibao. Anazitumia mbili tu.

Leo tumefika mbali kuliko siku zote. Tumepita bonde la mawe meusi, tumevuka mkondo mkavu, tumefika penye shamba dogo: mitende michache, mbuzi, mizinga ya nyuki ya magogo. Njia inapita katikati ya shamba. Mwanamume amekaa ukutani. Miaka arobaini, si zaidi. Katutazama, hakusema neno. Mimi nna hamsini na mbili, na wajukuu wawili. Hakuniamkia! Nimepita pua juu.

Baada ya shamba tumegeuza. Mwanaidi lazima awe jikoni kwa wifi yangu Thuraya kabla ya saa nne. Kimebaki kipande kimoja tu cha njia: mpando wa mwisho, halafu bahari.

Jumapili, 9 Novemba

Thuraya kapiga simu. Tiketi ya Mwanaidi imetoka. Anaondoka Jumapili ya tarehe thelathini. Mkataba umekwisha na hataki kuongeza.

Nimekaa na simu mkononi muda mrefu. Miaka miwili anafanya kazi kwa wifi yangu, na mwaka mzima tunapanda pamoja. Sina rafiki mwingine ambaye kwa ajili yake naamka alfajiri kwa furaha namna hii. Nimeliandika hapa kwa Kiswahili kwa kuwa wanangu hawakisomi. Vyema.

Zimebaki Ijumaa tatu.

Jumanne, 11 Novemba

Nilimuuliza Mwanaidi zamani kwa nini anaitaka sana hii njia mpaka mwisho. Bahari anayo mlangoni. Nyumba ya Thuraya iko Bustan, akifungua dirisha la jikoni anaiona. Alinijibu anataka kuiona nyumba ile kutoka juu. Iwe ndogo.

Leo jibu lile limenirudia nikiwa napika. Nimeunguza kitunguu.

Ijumaa, 14 Novemba

Njia imefungwa.

Mawe makubwa, na juu ya mawe matawi ya mgunga, miba nje. Pale pale penye mlango wa shamba. Yule bwana kakaa ukutani vile vile, anatutazama. Hakusema kitu. Mimi pia sikusema kitu. Ana haki ya kufunga shamba lake, lakini njia ile imekuwako kabla babu yake hajazaliwa. Nimegeuza baiskeli kwa hasira hata mnyororo ukatoka.

Mwanaidi kaurudisha kwa vidole viwili. Kakaa kimya njia nzima. Nilidhani ana huzuni.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimetoa simu, nimetazama picha za milima kutoka angani mpaka macho yakauma. Kuna njia ya mbuzi upande wa kulia, inazunguka shamba. Inaonekana inaungana na mpando wa mwisho. Nitamwonyesha yule bwana kwamba mlima si wa baba yake.

Thuraya anasema mwanamke mzima kugombania njia za mbuzi ni aibu. Nimemwambia amsalimie kaka yangu.

Ijumaa, 21 Novemba

Haipitiki.

Picha ya angani haionyeshi kwamba mlima umekatika. Tumebeba baiskeli mabegani saa nzima, tumefika kwenye ukingo, chini ni mita kumi za mwamba mtupu. Mwanaidi kachungulia, kacheka. Mimi nimelia. Nimelia kweli, mbele yake, na soksi zimejaa miba. Imebaki Ijumaa moja.

Lakini mahali penyewe! Milima ile kahawia, mikavu, inakunjana na kukunjana, na baina ya mikunjo miwili kidole kimoja cha bahari, buluu ya kuumiza. Hakuna mti. Hakuna kivuli. Sijui nani aliyesema uzuri lazima uwe kijani. Mwanaidi alikaa juu ya jiwe akatazama mpaka machozi yangu yakakauka, ndipo akasema.

"Mama, tatizo siyo mawe. Hatukumsalimia yule."

Nikamwambia yeye ndiye mdogo, yeye ndiye aniamkie.

"Yeye alikuwa amekaa, Mama. Sisi tumepanda. Madrasa tulifundishwa, aliyepanda ndiye aanze."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuanza yeye. Akasema mkubwa wake kanyamaza, yeye angefunguaje kinywa?

Jumamosi, 22 Novemba

Nimeamka na aibu, nimepiga nayo mswaki.

Sheria ile naijua. Niliisoma chuoni nikiwa na miaka saba, pamoja na adabu nyengine zote: aliyepanda amsalimie anayekwenda kwa miguu, anayekwenda amsalimie aliyekaa. Na nyumbani bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, akanifunza nyengine: mdogo amwamkie mkubwa, mkubwa angoje. Zote mbili nimezishika maisha yangu yote, na hazijapata kugombana. Tatizo ni kwamba sikujihesabu kuwa mimi ni mpandaji. Mpandaji ni mtu wa ngamia. Mtu wa punda. Mimi mama wa watu, na kofia ya plastiki kichwani.

Kwa hivyo mimi nimengoja shikamoo, na yeye kangoja salamu. Yeye kaona kiburi, mimi nimeona kiburi. Wote tulikuwa na adabu zetu.

Mkono mtupu haulambwi. Nimeoka mkate wa ufuta, nimeufunga kwenye kitambaa, nimekwenda peke yangu. Kwa baiskeli. Ningekwenda kwa gari ingekuwa nimekwepa.

Kakaa ukutani. Nimeanza mimi, kwa sauti, nikiwa bado juu ya kiti: Assalamu alaykum. Karuka chini kunijibu, karibu aanguke. Nikashuka. Akaniuliza hali, na watu wa nyumbani, na afya, kisha lile swali la mwisho la watu wa huku, khabari gani, kuna jipya? Nikajibu inavyojibiwa: hakuna jipya, ila kheri. Hata kama nyumba imeungua, unajibu hivyo kwanza.

Jina lake Khalfan. Kaleta kahawa na tende. Mawe hatukuyataja, wala yeye wala mimi. Kanitilia kikombe cha pili, kaweka dele la kahawa chini, akaenda kuyaondoa. Moja moja. Nikainuka kusaidia, akanizuia kwa mkono. Miba kawatupia mbuzi, wakaila.

Nimerudi nikiimba. Sauti mbaya, lakini mlimani hakuna jirani.

Ijumaa, 28 Novemba

Tumefika.

Shambani Mwanaidi kashuka kabisa kwenye baiskeli, kasalimia, kapiga na magoti kidogo kama wafanyavyo kwao. Khalfan kashangaa, kisha kafurahi. Kiarabu cha Mwanaidi ni cha jikoni, lakini mizinga ya magogo haihitaji Kiarabu. Kainama, katega sikio kwenye gogo, kaonyesha kwa vidole: hawa wamejaa, hawa malkia wao kazeeka. Khalfan kafungua gogo la pili. Ndivyo ilivyokuwa. Sijapata kumwona mtu akiheshimiwa haraka vile. Tumekunywa kahawa vikombe viwili viwili, tukatikisa vikombe kuonyesha tumetosheka, tukaondoka na muda wetu umekwisha nusu. Sikujali.

Mpando wa mwisho ni mkali. Kokoto zinateleza, tairi la nyuma linacheza. Nimeshuka mara tatu. Yeye hakushuka hata mara moja. Nilimwona juu kabisa, amesimama, mgongo wake kwangu, na mbele yake hakuna kitu ila buluu.

Nilipomfikia alikuwa ameshaiona. Bustan yote chini, ghuba, mitende, na ile nyumba nyeupe yenye tangi la maji la kijani. Ndogo kweli. Akainua kidole gumba usawa wa ile nyumba, akafumba jicho moja. Akakaa hivyo. Akashusha kidole, akakiinua tena.

Kuna vyumba kumi na moja ndani ya nyumba ile, na yeye ndiye aliyekuwa akivifagia.

Kisha tukashuka mpaka pwani bila kugusa pedali. Alipiga kelele njia nzima.

Jumapili, 30 Novemba

Uwanja wa ndege. Nilimpa baiskeli, akaikataa. Uzito wa mizigo, alisema. Kachukua kengele tu, ile ya shaba. Hakulia. Mimi nimelia kwenye maegesho.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimeanza saa kumi na mbili na nusu. Baiskeli moja. Upepo nimeupunguza, nikausahau upande wa nyuma, nikarudia.

Ubaridi kidogo umeingia hewani. Mawe meusi ya bondeni yalikuwa na umande, yanang'aa. Nimepanda taratibu, bila kuinuka kwenye kiti. Nimejaribu kusaga mahindi.

Khalfan alikuwa ukutani. Nimeanza mimi. Kaitikia, huku akitazama njia nyuma yangu. Akaniuliza hali, na watu wa nyumbani, na afya. Akaniuliza kama kuna jipya.

Hakuna jipya, nikamwambia, ila kheri.

Akatilia vikombe viwili, akaviweka mbele yangu. Nimevinywa vyote.