Mguu wa Nzuki

Jumatatu, 3 Machi 2025

Funga ya pili ya Ramadhani. Joto la Voi halina huruma, na maabara nzima ina feni moja — nayo inamtazama Stephen, bosi wetu.

Asubuhi Rachel wa Marungu ameleta usaha wa mguu wa mumewe, kichupa amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto. Mume ni Nzuki, mchunga mbuzi, amelazwa wodi ya wanaume. Mwiba ulimchoma miaka mitatu iliyopita, mguu ukavimba, ukatoboka matundu. Dakta Lewis anataka jibu moja: ni bakteria au ni ukungu? Bakteria wana dawa. Ukungu ukishaingia mfupani, hapo ni msumeno.

Ndani ya usaha nimeona chembechembe nyeupe. Dawa ya miti shamba hiyo, nikajisemea. Watu wetu nao! Usaha nimeupanda kwenye sahani ya kuoteshea vijidudu, sahani ikaingia inkubeta, kabati letu la joto. Zile chembe nimezitia kwenye chupa ya pili yenye chakula cha vijidudu, basi tu, nikaiweka rafuni.

Jumatano, 5 Machi

Sahani ya Nzuki tupu. Siku mbili, ndiyo desturi yetu — inkubeta ni moja na foleni ni ndefu. Nimeandika: hakuna kilichoota. Nikatia sahihi. Dakika moja haikuisha.

Jumatatu, 17 Machi

Rachel alikuja dirishani. Bakteria hawakuonekana, mfupa unaliwa, kwa hiyo mguu utakatwa Alhamisi. Hakuja kulalamika. Alikuja kunishukuru kwa kujaribu! Akasema Nzuki haulizi habari ya maumivu, anauliza nani atawafuata mbuzi.

Roho imeniuma. Ndipo nikaikumbuka ile chupa.

Jumanne, 18 Machi

Imeota! Vidoto vyeupe, vikavu kama chaki. Nilipofungua ikanuka udongo wa mvua ya kwanza. Nikapaka rangi, nikachungulia kwenye hadubini: nyuzi za zambarau, nyembamba mno, zina matawi. Za ukungu huwa nene. Hawa ni bakteria! Bakteria wa polepole, siku mbili haziwatoshi. Na zile chembe hazikuwa dawa ya mtu. Zilikuwa ndio wao wenyewe, yarabi, na mimi nikazidharau.

Nimemwonyesha Stephen. Ametazama muda mrefu, akakubali nilichoona. Lakini ripoti hataki iguswe mpaka Nairobi wathibitishe. Ripoti imeshatoka, anasema, tutachekwa. Majibu ya Nairobi huchukua wiki tatu! Na mguu ni keshokutwa.

Jumatano, 19 Machi

Nimenyamaza. Kutwa nzima. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Nisisingizie saumu. Nisimsingizie Stephen wala inkubeta. Saa moja asubuhi nimeandika ripoti mpya: ya kwanza ilikuwa na kosa, kosa ni langu, ni bakteria. Nimetia sahihi bila kumwuliza mtu, nikakimbia mpaka chumba cha upasuaji. Nesi akaniambia Nzuki ameshaingizwa, ameshadungwa sindano ya ganzi. Akaichukua karatasi, akafunga mlango.

Niko kwenye benchi ya nje, naandika nyuma ya fomu. Rachel yuko kando yangu, ameshika fimbo ya mumewe. Aliniuliza karatasi ile ilikuwa ya nini. Ningeweza kusema ni mambo ya kawaida ya maabara, angeamini. Nimemwambia yote — chembe, siku mbili, sahihi yangu, na kwamba dawa ingetosha.

Aliilaza fimbo magotini. Kisha akasema, taratibu:

"Umejua lini?"

"Juzi, mama."

"Juzi. Na jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa."

Hajanitukana. Heri angenitukana. Amegeuka tu, anautazama mlango, na mimi naandika kwa sababu sina pa kuiweka mikono. Dakika ishirini sasa. Hakuna aliyetoka. Sijui kama huko ndani wanasoma au wanakata —