Bibi Alipotaka Maneno Yote

Jumapili jioni, Juni. Upepo wa Usangu unavuma tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno. Siwezi kutulia. Nakaa, nasimama, nafungua kitabu, nasoma ukurasa uleule.

Hili mpaka leo asubuhi sikuwahi kumwambia mtu: sitaki kuwa daktari.

Nimeliandika. Nimelisoma tena. Sijalifuta.

Baba huniita Dokta tangu nikiwa shule ya msingi, hata mbele ya wenzake mnadani Rujewa. Mimi huinamisha kichwa kwa haya, na wote wanadhani nimekubali. Sina ugomvi na udaktari. Ila nikijifikiria ndani ya lile koti jeupe, namwona msichana mwingine kabisa. Sasa niko kidato cha nne, na kesho mwalimu wa taaluma anataka kujua tahasusi zetu: PCB, yaani sayansi, ambayo nyumbani ilishaamuliwa zamani, au HKL, historia na lugha, ambayo kwetu hakuna aliyewahi hata kuitaja.

Na kama si daktari, mimi ni wa nini? Vitabu ninavyoazima vimejaa watu wanaojua walichokuja kufanya duniani. Mimi najua tu nisichotaka. Hilo niliona halitoshi kumwambia baba.

Halafu ikaja jana.

Ng'ombe wetu walivunja zizi wakaingia kwenye mpunga wa jirani, Mama Tuma. Mpunga ulioiva. Baba alikuwa mnadani. Mama Tuma ni Msangu na ana mdomo. Aliwaswaga hadi uani kwake, akafunga lango, akatuma ujumbe kwamba mwenye ng'ombe aje. Nyumbani tulikuwa mimi na Bibi tu. Bibi alihamia huku kutoka Shinyanga na ng'ombe wake na Kisukuma chake, na hajaona sababu ya kuongeza lugha nyingine. Kwa hiyo ilibidi mimi nisimame katikati, mimi ambaye darasani sijibu mpaka niitwe jina.

Mama Tuma alisema mengi, kwa Kiswahili. Kwamba sisi tunapenda ng'ombe kuliko watu. Kwamba pole zetu tuzifunge kwenye kanga turudi nazo. "Mwambie bibi yako mimi sili maneno. Nakula wali, na wali wenyewe uko tumboni mwa ng'ombe wake."

Nikamwambia Bibi kwamba jirani amesikitika kidogo.

Bibi alinitazama. "Mjukuu wangu, mbona yeye kasema marefu na wewe umeniletea mafupi? Nipe yote."

Nikampa yote, pamoja na kanga na wali wa tumboni. Nilidhani atawaka. Bibi alicheka mpaka akashika kiuno, akasema mwanamke mwenye maneno kama haya angefaa kuolewa kwetu. Nikampelekea Mama Tuma hayo, safari hii bila kupunguza kitu. Mama Tuma alijaribu kununa, akashindwa.

Kuanzia hapo nikawa nayapeleka maneno kama yalivyo, makali yake na yote, mpaka likatoka lililomuuma Mama Tuma zaidi: hata mpunga uliobaki unaliwa na ndege, kwa sababu wanawe wako Mbeya mjini na hana wa kuamia na kuwafukuza. Bibi akasema tutaamia sisi mpaka avune, na huo ulioliwa baba atakuja mwenyewe waelewane. Mama Tuma akafungua lango.

Tulipokuwa njiani ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimesubiri kuitwa jina. Wanawake wawili walioishi jirani miaka yote hii kwa kupungiana mikono tu walikuwa wamezungumza, na maneno yote yamepita kwangu.

Je, hilo ndilo kusudi? Au ni bahati ya siku moja tu? Nimejiuliza tangu jana. Nakumbuka tu kwamba lango lilipofunguliwa, mimi peke yangu ndiye ambaye sikutaka yale mazungumzo yaishe.

Leo asubuhi nilimfuata baba zizini akiwa anakamua. Nilisema bila kupunguza: sitaki PCB, nataka HKL, sitaki kuwa daktari. Aliendelea kukamua. Nilisikia maziwa yakigonga ndoo.

Mwishowe akauliza, "Na hiyo kazi unayoitaka inaitwaje?"

Nikasema bado sijui.

Alimaliza, akanipa ndoo niipeleke ndani. Nikaipeleka. Kisha nikachukua debe bovu na fimbo, nikaenda shambani kwa Mama Tuma, nikapanda dunguni, kile kichanja cha kuamia, na kila kundi la ndege lilipotua nilipiga debe na kupiga kelele mpaka sauti ikakauka.