Ukucha Ulionizuia Kushika F

Jumanne, Julai 1989. Baridi ya Waithaka leo haikutoka mpaka saa nane, na mimi nimechoka kama siku ile nilibeba gunia la viazi kutoka Limuru kwa miguu.

Jumamosi Wambui, binti ya dada yangu, anaolewa. Amekataa kaseti. Anataka aingie ukumbini anko wake akipiga gitaa. Nitamlaumu vipi? Tangu akiwa mdogo namwambia nilipiga na bendi kubwa hapa mjini, watu wakakataa kwenda nyumbani, polisi wakaitwa, na polisi nao wakacheza.

Polisi walikuja kweli. Mimi nilikuwa mlangoni, nakata tiketi.

Basi wiki ya tatu hii, nikitoka kazini Upper Hill napitia Kileleshwa kwa Mama Mwende, mpishi wa nyumba moja huko, ambaye hupiga gitaa kanisani. Sauti za G na C, zile za kubonyeza nyuzi kadhaa pamoja, nimezishika. F imenikataa. Nyuzi zinatoa sauti ya debe.

“Mzee, unakamua,” aliniambia leo. “Hapa hakuna maziwa.”

Nimekamua ng'ombe tangu nikiwa na miaka sita, na mkono haujui kushika kitu kingine. Akanitoa kidole gumba juu, akakiweka nyuma ya shingo ya gitaa, katikati. Vidole nivikunje, nibonyeze kwa ncha, karibu na kile kichuma kinachokatiza shingo ya gitaa.

Bado debe.

Akaangalia kidole changu cha mwisho, mkono wa kushoto. Ukucha mrefu, nimeufuga miaka kumi na moja ili watu waone mkono huu haushiki jembe. Wambui nilimwambia ni ukucha wa gitaa.

“Mkono wa kubonyeza nyuzi haufugi ukucha,” Mama Mwende akasema. “ Mpiga gitaa yeyote akiuona anakujua.”

Yeyote. Baba ya bwana harusi anapiga gitaa. Siku ya mahari aliuangalia ukucha huu, akanipitishia chai tu.

Nimeukata kwa wembe hapo hapo. F ikatoka, nyuzi zote sita. Mara moja tu.

Nikiandika haya Wambui ameingia, ameona mkono.

“Anko, ukucha wa gitaa uko wapi?”

Nilikuwa na hadithi tayari, ilikuwa na chui ndani yake. Lakini nimechoka.

“Haukuwa wa gitaa,” nimemwambia. “Ndio naanza kujifunza.”

Hajacheka. Amevuta kiti. “Basi nipigie hiyo umejifunza.”

Wacha niweke kalamu chini. Kidole gumba nyuma, katikati.