Ng'ombe wa Rangi Moja

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na baridi ya huko Daudi? Na baba, bado anagombana na yule jogoo? Mimi mzima, ila nina furaha mpaka mwandiko unapinda, usije ukadhani naumwa.

Mama, nilikuambia kwenye simu kwamba nimeandika barua ya kuomba uhamisho nirudi Mbulu, ukaanza kunitayarishia chumba. Sababu sikukueleza, niliona aibu. Nilikuwa nimechoka. Darasa la awali hapa Getanuwas lina watoto wengi, mwalimu ni mimi peke yangu, na wengi wao nyumbani hawasemi Kiswahili. Nikiimba, naimba peke yangu. Nikiuliza, wananitazama tu. Jioni nalia jikoni kwangu, asubuhi naosha uso narudi darasani.

Wiki iliyopita mwalimu mkuu akaniambia nimpelekee ile barua Ijumaa aipitishe. Jumatano, basi, nikapanga mawe sakafuni, yote ya kijivu, nikasema, "Hawa ni ng'ombe. Tuhesabu." Nikahesabu peke yangu. Nikapandisha sauti. Ndipo akasimama Ester, katoto ambako tangu shule ifunguliwe sijakasikia hata kukohoa.

"Mwalimu, hawa si ng'ombe."

"Ni nini?"

"Ni mawe. Wako rangi moja wote. Kwetu hawako hivyo."

Mama, mimi mtoto wa wakulima! Ng'ombe wetu wawili, mmoja namwita ng'ombe, na mwingine ng'ombe. Hawa watoto wa wafugaji wanamjua kila mmoja kwa rangi yake. Nikawatoa nje, nikawaambia kila mtu alete ng'ombe wa kwao. Wakarudi na mawe mekundu, meusi, ya kahawia, na kelele zikaanza. Kiswahili nusu, kilugha nusu, mikono inamalizia. Ester akawa ananisahihisha: "Mwalimu, huyo umemruka!" Mwalimu mkuu alichungulia mlangoni akauliza, "Jamani, leo mnada umehamia hapa?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ijumaa aliponiuliza barua nikamwambia sitaileta. Watoto hawajapungua, mama, na uchovu upo palepale. Ila sasa naamka kabla simu haijalia, nataka kusikia watasema nini. Najua chumba umeshakipaka chokaa. Nisamehe, mama. Likizo nitalala humo, unipikie makande.

Msalimie baba, bibi asiyependa simu, na shangazi wa kwaya. Kaka Yohana mwambie akija mjini Katesh asirudi bila kufika huku kuniona.

Tena ana mzigo wa kuniletea. Ng'ombe wa Ester ni mweupe mwenye madoa meusi, na jiwe la namna hiyo tumelitafuta huku tumelikosa. Kwenye kijito chini ya shamba letu yapo. Nichagulie moja wewe mwenyewe. Ester amemwachia ng'ombe wake nafasi sakafuni, na kila asubuhi tukihesabu, tukifika hapo anatusimamisha: "Huyu bado yuko njiani."

Binti yako,
Mwalimu Paskalina