Kirola Kimoja, Nyuso Mbili

Mshauri mpendwa, nakuandikia, naomba unisaidie, mimi ni fundi cherehani mwenye makovu ya chunusi tangu usichana, na juzi mchana wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja dukani na kirola cha visindano, kigurudumu cha kuviringisha usoni, alichoagiza mtandaoni, akasema, "Wifi, kikipita usoni ngozi inajijenga upya, utarudi kigori, kaka atakuposa mara ya pili!" tukacheka, tukafunga mlango, akaanza yeye, nikampitishia mashavuni mpaka damu ikachomoza vitonevitone, halafu zamu yangu ikafika, nami nikakifuta kwa kitambaa na spiriti kama ninavyofuta sindano za cherehani, nikaona kimeng'aa, nikajilaza kwenye meza ya kukatia, naye akanipitishia mpaka nami nikatoka damu.

Jana ananipigia simu analia, kumbe ana homa ya ini, ile B, alipimwa mwaka juzi na akanyamaza kwa aibu, ananiambia, "Wifi, kaka akijua umenizika." Tangu hapo kila nikitazama kioo cha wateja naona macho ya njano, mume akinisogelea nasingizia kichwa, mwanangu akitaka kunikumbatia namsukuma. Nikienda hospitali wataniuliza ni damu ya nani, nikimtaja nimemsaliti, nikinyamaza najiua. Nifanye nini?

Fundi mwenye hofu

*

Fundi, barua hapa redioni husubiri zamu hata wiki mbili. Yako imefika asubuhi na inasomwa sasa hivi, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza, homa ya ini haigeuzi macho kuwa njano kwa siku mbili. Huchukua wiki, hata miezi. Njano hiyo umepakwa na woga. Lakini sitakudanganya: hatari ipo. Sindano ya cherehani hutoboa kitambaa, na kitambaa hakina damu. Kirola kina visindano mamia, damu hujibanza kwenye mashina yake, na virusi hivi huweza kuishi nje ya mwili siku saba. Spiriti yako ilipita juujuu tu. Hata wataalamu hutumia visindano vipya kwa kila mtu. Mtu mzima na akili zako, mwenzio ametoka damu, nawe ukaweka shavu?

Basi, yamekwisha kumwagika. Chanjo ya homa ya ini B husaidia hata baada ya mtu kuguswa na damu, ila inataka iwahi. Siku ya kwanza umeshaipoteza kwa kujitazama kwenye kioo. Ulizia pia dawa za kukinga Ukimwi, maana hatujui damu yake ina nini kingine, na hizo lazima zianzwe ndani ya saa sabini na mbili, kwa hesabu yako muda unaisha kesho mchana.

Kuhusu wifi yako, kumwambia daktari si kumsengenya. Mpigie mwende pamoja, damu yake ipimwe. Akikataa, nenda peke yako useme ukweli. Mumeo mwambie umechomwa na kifaa chenye damu ya mtu mwingine, na kwamba mtatumia kondomu mpaka daktari awaruhusu. Jina la mtu huyo si lako kulitaja. Mwanao mkumbatie, kumbatio haliambukizi.

Mimi nitabaki hapa nikiongea na wengine. Wewe zima redio, funga duka, nenda.