Kioo Nyuma ya Kabati

Leiden, Jumatatu, 9 Machi 1744

Kwa dada yangu Aleid,

Nisamehe kwa kimya cha tangu msimu wa matofaa. Barua zako mbili zilifika, na jibini pia, nami sikukushukuru hata kwa mstari mmoja. Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba shemeji Wouter ameacha kutoka nje bila kofia. Mimi ni mzima, isipokuwa macho, ambayo sasa hayafanyi kazi mbali na dirisha.

Unauliza habari za mwanao. Joost ni mzima, anakula vizuri na hachelewi kanisani. Najua hayo hayakutoshi.

Kwa miaka thelathini nimechonga mabamba ya shaba ya vitabu vya wanafunzi wa uganga. Unazikumbuka picha zangu: viunzi vya mifupa ya watu vimesimama kilimani, kimoja kimeegemea sepetu, kingine kimeshika ngozi yake mkononi kama koti, na nyuma yao mbuzi wanakula majani. Hakuna aliyelalamika mpaka alipokuja Profesa Ravestijn. Alilitazama bamba langu kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa adabu kwamba wanafunzi wake hawaji Leiden kutazama mbuzi. Alitaka mwili uchorwe kama ulivyolala mezani, hata kamba iliyoufunga ionekane. Krelis, mpiga chapa wetu, alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananiuliza, “Mzee, mbuzi wamelishwa?”

Kazi akapewa Joost. Nilikwenda kuutazama mchoro wake nikiwa na nia ya kuusahihisha. Ulikuwa tumbo la mtu aliyezama mferejini, limefunguliwa, na ngozi imekunjwa pembeni kama shuka lililolowa. Uzito wa ini ulionekana. Nilitafuta kosa nikalikosa, nikarudi nyumbani nisiguse chakula. Mkono ule niliufundisha mimi kushika chuma cha kuchongea, nao umefika mahali ambapo wangu haujafika wala hautafika. Nilimwonea wivu mwanao, dada. Nilichukia hata namna anavyopiga mluzi akiwa kazini.

Lazima nikueleze jambo moja la ufundi wetu. Kinachochongwa kwenye shaba hutoka karatasini kimegeuka: kulia huwa kushoto. Kwa hiyo tunauweka mchoro mbele ya kioo, na kuchonga kile tunachokiona kiooni. Karakana ina kioo kimoja kikubwa, nacho ni changu. Joost alipokuja kukiomba, nilimwambia kimepasuka na nimekipeleka Amsterdam. Akacheka. “Haidhuru, Mjomba, nitageuza kwa kichwa. Si wewe uliyesema fundi wa kweli hahitaji kioo?” Ni kweli nilisema hivyo, mbele ya bia, nikijisifu.

Alichonga kwa wiki tisa. Aligeuza kila kitu kwa usahihi: ini, tumbo, bandama. Alisahau mishipa miwili tu ya damu, ile mikubwa inayopita kando ya uti wa mgongo. Katika chapa imebadilishana mahali.

Profesa ni mgonjwa, yuko The Hague, na aliagiza kwamba karatasi ya majaribio niikague mimi peke yangu na kuipitisha. Nililiona kosa kabla wino haujakauka. Joost alikuwa amesimama karibu nami. “Sema tu, Mjomba,” akaniambia. “Nigombeze kama zamani.” Nilichukua kalamu nikaandika kwamba sikuona dosari, nikatia sahihi. Akaubusu mkono wangu.

Nilijiambia kwamba Profesa ataliona kosa kitabu kikishatoka, amfukuze Joost, anirudishie kazi. Kwa siku tatu nilikuwa na furaha. Krelis aliponiuliza habari za mbuzi, nilimjibu kwamba wanaendelea kunenepa.

Kisha ikaja barua yako ya pili. Unasema Joost amekuandikia kwamba katika kazi yote hiyo anajivunia sahihi ya mjomba wake kuliko kitu kingine, nawe unaniuliza kama kweli anastahili, au nimempendelea kwa sababu ni damu yetu.

Sikumpendelea.

Uchapaji unaanza Alhamisi. Vitabu hivi huchukuliwa na waganga wa melini, na kule baharini hakuna wa kuwasahihisha wanaposhika kisu. Bamba linaweza kuponywa: sehemu ile hugongwa kutoka nyuma, ikasawazishwa, ikachongwa upya. Ni kazi ya wiki mbili. Lakini nikisema kosa liko wapi, nitaulizwa nililiona lini, na kioo kilikuwa wapi. Profesa hatayaamini tena macho yangu, hata kwa kukagua. Joost sijui ataniitaje.

Kioo ni kizima. Kiko nyuma ya kabati la nguo, kimefunikwa shuka la marehemu mama.

Mashua ya adhuhuri itaichukua barua hii, nawe utaisoma kesho. Ukishaisoma, sitaweza tena kumwambia mtu yeyote kwamba sikuona. Labda ndiyo sababu ninaituma. Sijui bado kama nitamwendea Joost kwanza au nitamwandikia Profesa, wala kama miguu yangu itakubali kunipeleka. Nikishaamua nitakuandikia, na safari hii hutangoja.

Msalimie shemeji, na jirani yako Machteld. Usimwombee Joost, mwombee nduguyo.

Mdogo wako,
Gerbrand Oosterwijk