Jiwe la Ukoo Wetu Sarudih

Kijiji cha Sarudih,
Tarafa ya Khunti.
20 Novemba 1998

Mpendwa Baba Mdogo Etwa,

Johar. Hamjambo huko Assam? Kifua cha Mama Mdogo kimepoa, au bado ukungu wa mashamba ya chai unamtesa? Sisi tu wazima, ila magoti ya Bibi yanamsumbua tangu baridi ianze. Mpunga tumeshavuna. Mtihani wa mwisho nimefaulu, sasa niko nyumbani.

Jumatatu alikuja mkandarasi wa kokoto akiwa na karatasi, akitaka tutie dole gumba. Alisema anahitaji mawe machache tu ya kilima cha makaburi. Mkuu wa kijiji akaniita niisome, kwa kuwa nimemaliza shule. Unanijua, Baba Mdogo: hata nikitumwa chumvi dukani, husimama nyuma mpaka watu waishe. Safari hii nilisimama mbele, nikaisoma yote, nikawaeleza kwa Kimunda chetu kwamba kilima chote kimeandikwa hakina mwenyewe.

Mkandarasi akamwuliza Bibi kama anayo hati. Bibi alikuwa amekaa juu ya jiwe la ukoo wetu, akitafuna tumbaku.

"Ndiyo hii nimeikalia, mwanangu," akasema. "Ibebe ukaisome."

Hata vibarua wake walicheka. Bibi akaanza kuwataja waliozikwa chini ya jiwe, tangu yule aliyefyeka msitu hadi Lodro, babu yake Babu, aliyeshika upinde katika Ulgulan, ule uasi wetu dhidi ya Waingereza na wale walionyang'anya mashamba yetu. Alifia gerezani, na ndugu zake walitembea siku tatu kuifuata mifupa yake. Nilisikia jina lake mbele ya watu wote, nikasahau kuinamisha kichwa.

Hakuna aliyetia dole. Lakini mkandarasi alipokuwa akiondoka alimwuliza Bibi, "Na mumeo? Mbona hukumtaja?"

Bibi akatema tumbaku, akashuka jiweni. Tangu siku hiyo hali chakula vizuri.

Baba Mdogo, mwezi wa Januari tutanyanyua jiwe na kuilaza chini yake mifupa ya wafu wa mwaka huu. Tafadhali shusha darini kile chungu chenye mifupa ya Babu, aliyefia huko kwenu, uje nacho. Bibi ameshatenga mchele wa pombe.

Msalimie Mama Mdogo, na Chaitan, na mdogo wake Salgi. Mungu wetu Singbonga awafunike kwa kivuli chake njia nzima.

Mkandarasi ameapa kurudi. Akiuliza tena Babu yuko wapi, nataka nimwonyeshe mimi.

Mwanao akupendaye,
Jhingi